Jembe la zamani la diski tatu: niuze, nilifufue, au niwape wa vyuma chakavu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo Kiteto, nalima mahindi na alizeti. Marehemu baba ametuachia jembe la trekta la diski tatu, limeandikwa Ransomes. Alilinunua zamani kwa mtu wa Kongwa. Lipo pia jembe dogo la kijivu la visu viwili, lenye maandishi ya Ferguson, na haro, ile zana ya kuvunja mabonge, ambayo safu moja ya diski haipo. Vyote vimekaa nyuma ya ghala zaidi ya miaka kumi. Mwaka juzi mnunuzi wa vyuma chakavu alitaka kunipa laki tatu na nusu kwa lile jembe la diski, nikakataa kwa uvivu tu wa kutafuta gari. Msimu huu wamekuja watu wawili kwa nyakati tofauti, na mmoja amefika milioni mbili na nusu bila hata kulijaribu. Nina Massey Ferguson 165 niliyonunua mtumba, na nilikuwa napanga kununua jembe jipya jepesi la dukani. Kwa nini watu wanayatafuta haya ya zamani ghafla namna hii? Niuze, au nilifufue?

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Nianze na jibu lenyewe. Jembe la diski usiliuze kabla hujalikagua, na likifaulu ukaguzi nitakaoueleza hapa chini, lifunge kwenye hiyo 165 ulime nalo. Pesa uliyoitenga kwa jembe jipya jepesi nunulia diski, beringi na sili za hili la mzee, na chenji itabaki. Jembe dogo la Ferguson na haro ni habari nyingine, nitazifikia.

Huyo aliyefika milioni mbili na nusu bila kulijaribu hakukurupuka. Aliangalia fremu, akaona imenyooka, akapiga hesabu kichwani. Vitu vingine vyote vilivyofungwa kwenye fremu vinapatikana madukani Arusha, Dodoma au Dar es Salaam: diski, beringi, sili, bolti, hata gurudumu la nyuma. Fremu nzito iliyonyooka ndiyo haipatikani kirahisi siku hizi. Anachonunua ni fremu, na hicho ndicho unachotakiwa kukipima wewe pia kabla ya kutaja bei yoyote.

Kwa nini uzito una maana kiasi hicho? Jembe la visu huingia ardhini kwa kujivuta. Ncha ya kisu imeinamishwa kidogo kwenda chini, trekta ikivuta, kisu kinatafuta kina chenyewe. Ndiyo maana jembe la visu linaweza kuwa jepesi na bado likazama. Diski haina ncha ya kujivuta. Inaingia kwa sababu kuna chuma kizito juu yake kinachoisukuma chini, na kwa sababu imefungwa kwa pembe sahihi. Ukipunguza chuma, diski inapanda juu na kuanza kukwangua. Kwenye udongo wa tifutifu ulionyeshewa vizuri hutaona tofauti kubwa. Kwenye ardhi ya kwenu, kabla mvua hazijakolea, utaiona tofauti hatua kumi tu baada ya kuanza kuvuta: jembe jepesi linaruka, linaacha visiwa vya majani katikati ya mistari, na dereva anaanza kufunga mawe na mifuko ya mchanga juu ya fremu. Nimeona hata mtu akipandisha kijana juu ya jembe ili aongeze uzito. Hilo usilifanye wala usimruhusu dereva wako alifanye, maana anayeteleza pale anaangukia mbele ya diski.

Majembe mazito ya diski tatu hupita kilo 350. Mengi ya mepesi yanayouzwa sasa kama ya diski tatu yako chini ya hapo kwa mbali, kwa sababu yalibuniwa kwa trekta ndogo na udongo laini, na kwa sababu chuma ni pesa, kila kilo inayopunguzwa ni faida ya kiwanda na nafuu ya usafirishaji. Si kwamba ni mabaya yote. Mwenye eka tano za udongo laini na trekta ya nguvu farasi 40 anahitaji hilohilo jepesi. Wewe humo. Na wanaokuja kwako, kwa namna unavyowaeleza, nadhani ni watu wanaolimia wengine kwa eka. Mtu wa namna hiyo analima mashamba ya watu mbalimbali, yenye visiki na mawe asiyoyajua, na analipwa kwa eka zilizokamilika. Jembe likipinda katikati ya msimu, hasara yake ni wateja wa wiki nzima.

Mzee alilinunua Kongwa, nawe uko jirani, basi nikumbushe jambo moja la huko. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, wakaanzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Mwaka wa kwanza walikusudia kulima eka 150,000 wakaambulia kama 7,500. Sababu zilikuwa nyingi, mvua na mipango mibovu zikiwemo, lakini mojawapo ilikuwa udongo wenyewe. Kiangazi kikifika unakauka na kukaza, na chembe zake ngumu zinakula chuma. Zana zilizokuja zikiwa mpya zililika mapema kuliko hesabu za London. Mradi ulifungwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Sisemi jembe lako lilitoka kwenye mradi ule, hakuna dalili ya hilo katika barua yako. Ninachosema ni kwamba ardhi ya ukanda huo ilikwishatoa hukumu kuhusu zana miaka mingi kabla yetu, na wenyeji wakajifunza kutafuta chuma kizito.

Sasa swali lako la pili: kwa nini ghafla? Kwa macho yangu mambo mawili yamekutana. La kwanza ni trekta za mtumba. Zimeingia nyingi kutoka Uingereza, hasa Massey Ferguson za mifano ya 165, 290 na 390, na Ford za rika hilo. Wengi wanadhani mahali trekta ilikotoka ndiko na jembe lake litakakotoka. Hapana. Uingereza ni nchi ya jembe la visu. Udongo wao una unyevu, hauna visiki, na wanapenda kupindua nyasi zifukiwe chini kabisa. Jembe la diski halikupata nafasi kubwa kule. Ransomes, kampuni ya Ipswich iliyoanza karne ya 18, ilitengeneza majembe ya diski hasa kwa ajili ya kuuza nje, kwenye nchi kavu kama hizi zetu. Maana yake ni kwamba ukienda leo kwenye mnada mkubwa wa zana kuukuu kule, kwa mfano ule wa Cheffins pale Sutton karibu na Ely, utaona majembe ya visu ya kila umri, lakini la diski tatu kama lako utalitafuta kwa tochi. Hifadhi yake iko hukuhuku kwetu, nyuma ya maghala kama lenu. Mazito mengine yanayosifiwa huku, kama Nardi ya Italia na Baldan ya Brazil, nayo yanapatikana, lakini yakiwa mapya bei yake inamfukuza mkulima wa kawaida.

La pili ni hao wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa miaka mingi wamepita vijijini wakibeba kila chuma kilicholala, na jembe la diski lilikuwa mawindo mazuri kwao kwa sababu lina kilo nyingi mahali pamoja. Yaliyokatwa kwa gesi na kupelekwa kwenye tanuri hayarudi. Kwa hiyo wanaoyataka wameongezeka huku yenyewe yakipungua, na uvivu wako wa kutafuta gari umekuokolea mali.

Kuna pia soko jingine la zana za zamani, la Ulaya na Marekani, ambalo watu hulisikia kisha wakadhani linahusu kila chuma chenye kutu. Lile ni la wakusanyaji na la washindani wa kulima. Ndiyo, kulima ni mashindano: ya dunia yalianza mwaka 1953 nchini Kanada, na mwaka 1995 mwenyeji alikuwa Kenya. Wapo wanaoshindana kwa trekta na majembe ya zamani peke yake, na hao wanatafuta majembe fulani ya visu yenye mkato safi, siyo jembe la diski. Dalali akikwambia kuna mzungu anataka Ransomes yoyote kwa dola, muulize ni mfano gani, kisha mwache aendelee na safari yake.

Tuje kwenye ukaguzi. Huu ndio sehemu ya kutumia muda wako, na hauhitaji fundi wa bei. Unahitaji brashi ya waya, nyundo, uzi, rula ya chuma, mafuta ya taa na chaki.

Liinue jembe kwa jeki au kwa mikono ya trekta, kisha liweke juu ya magogo imara mpaka diski zining'inie. Usifanye kazi chini ya jembe lililoshikwa na haidroliki tu, 165 ya mtumba inaweza kushuka wakati wowote. Piga brashi kwenye boriti kuu ya fremu na sehemu zote zilizounganishwa. Funga uzi kutoka mwanzo wa boriti hadi mwisho wake, uuvute ukaze, uangalie kama chuma kinaufuata. Kupinda kidogo kwenye boriti ya jembe lililofanya kazi miaka arobaini si ajabu. Kama linaachana na uzi kwa zaidi ya unene wa kidole, au kama limejipinda kwa kujisokota, diski ya nyuma haitakata kina sawa na ya mbele hata ufanyeje.

Halafu nyufa. Nyufa hukaa palepale mkono wa diski unapoungana na boriti, na kwenye mnara wa mbele unaopokea mkono wa juu wa trekta. Pakaa mafuta ya taa mahali unapopashuku, subiri robo saa, futa pakauke kabisa, kisha paka chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Ni mbinu ya zamani na bado inamshinda macho mnunuzi yeyote. Ukiwa wewe ndiye unayenunua kwa mtu, jembe lililopakwa rangi mpya jana likague kwa ukali mara mbili, kwa sababu rangi nyingine inanunuliwa kwa ajili ya kuficha ufa.

Ukipata ufa kwenye boriti, ambayo ni chuma cha kawaida cha kuviringishwa, fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuufungua kwa grenda, kuujaza, na kuongeza bati la kuimarisha juu yake. Ufa ukiwa kwenye kipande cha chuma cha kumimina, kama habu, yaani kitovu kinachobeba diski na beringi zake, mambo yanabadilika. Chuma cha kumimina ukikichomelea kama chuma cha kawaida kinapasuka tena pembeni ya weldi kikipoa. Kinahitaji kupashwa moto kwanza na vijiti vya nikeli, na mafundi wanaokiweza ni wachache. Ukitaka kujua ni kipi, kiguse na grenda: chuma cha kumimina kinatoa cheche fupi nyekundu, kile kingine kinatoa cheche ndefu zinazong'aa.

Sasa habu na beringi. Shika diski juu na chini, itikise kwa nguvu. Ikicheza, beringi zimekwisha au nati imelegea. Izungushe polepole ukisikiliza. Sauti ya kusaga maana yake maji na mchanga viliingia, na baada ya miaka kumi nyuma ya ghala ningeshangaa visingekuwamo. Hilo lisikuogopeshe. Kila habu ina beringi mbili za roli zilizochongoka, na kila moja imechongwa namba yake kwenye chuma chenyewe, kwenye koni na kwenye bakuli lake. Zisafishe kwa mafuta ya taa, soma namba, nenda nazo duka la beringi. Namba hizo ni za ulimwengu mzima, muuzaji hahitaji kujua hata neno Ransomes. Jambo hili ni la maana kwako, kwa sababu kampuni hiyo iliuza kitengo chake cha zana za kilimo mwaka 1987 kwa Electrolux, kwa hiyo usitegemee kumpata wakala wa kukuuzia spea za asili. Nunua beringi na sili zake pamoja, kamwe usiweke beringi mpya juu ya sili kuukuu. Wakati wa kurudisha, kaza nati mpaka diski iwe nzito kuzunguka, kisha ilegeze kidogo tu mpaka izunguke bila kucheza, ndipo ufunge pini ya kuzuia.

Diski zenyewe nazitegemea ziwe zimekwisha. Pima kipenyo. Mpya huwa na inchi 26 au 28. Iliyolika ikafika inchi 22 bado inalima lakini kina chako kimepungua, na habu inaanza kuburuza udongo. Kabla ya kununua mpya, pima mpangilio wa matundu ya bolti: idadi yake, umbali kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu la mkabala, na ukubwa wa tundu la kati. Chora kwenye kipande cha boksi ukipeleke dukani. Diski zikiwa za mpangilio usiouzwa tena, fundi mwenye mashine anaweza kukutobolea flenji ya kuunganisha, ila gharama hiyo iingie kwenye hesabu zako za kununua au kuuza.

Kuhusu ubora wa diski, chukua tupa mpya ujaribu kuikwangua karibu na ukingo. Tupa ikiteleza, chuma kimekazwa. Tupa ikila kama inakula mbao laini, hiyo ni kanyaboya, hata kama imepakwa rangi nzuri na ina stika ya jina kubwa. Na tafadhali, fundi asikunolee diski kwa kuipasha moto na kuigonga. Moto unaondoa ugumu wa chuma, utalima wiki moja vizuri kisha ukingo unajikunja. Noa kwa grenda, taratibu, kwa upande wa nje, bila kuacha chuma kibadilike rangi.

Gurudumu la nyuma watu hulipuuza, na hapo ndipo wanapolaumu jembe zima. Diski zinasukuma udongo upande mmoja, kwa hiyo udongo nao unalisukuma jembe upande wa pili. Gurudumu lile la chuma lililolazwa ndilo linalokabana na ukuta wa mtaro na kulizuia jembe lisipige mkia. Beringi yake ikifa, au springi yake ikichoka, trekta itavutwa pembeni na dereva atapigana na usukani siku nzima. Gurudumu lizunguke huru, makali yake yawe bado makali, na springi iwe na nguvu ya kulikandamiza.

Mpaka hapo hujafunga chochote kwenye trekta. Vipimo vya kufunga vimegawanyika katika makundi, na yanayokuhusu ni mawili. Kundi la kwanza lina pini za chini za milimita 22 na ya juu 19. Kundi la pili lina za chini 28 na ya juu 25. Kutoka mstari wa pini za chini hadi tundu la pini ya juu kuna takriban sentimita 46 kwa kundi la kwanza na 61 kwa la pili. Pima jembe lako pande zote hizo. Jembe la diski tatu la uzito huo huwa la kundi la pili, na 165 nyingi zina mabakuli, yaani matundu ya mwisho wa mikono ya chini, yanayokubali kundi hilo. Ukikuta pini nyembamba kwenye bakuli kubwa, tumia bushi. Usifunge waya, usijaze vipande vya bomba la maji, kwa sababu mchezo wa milimita sita pale mbele unakuwa kutetereka kwa sentimita kadhaa kule kwenye diski ya mwisho.

Nguvu unayo. 165 hutoa kama nguvu farasi 60, na diski tatu kwa kina cha sentimita 20 zinaibana lakini haziishindi. Kwenye udongo wa mbuga ukiwa mkavu itapata shida, hapo subiri mvua au ondoa diski ya nyuma kama fremu yako inaruhusu. Ukiwa na tairi za nyuma zilizochakaa, weka maji ndani yake au uzito kwenye ringi kabla ya kulaumu injini. Na kumbuka uzito ule ule unaoupenda kwenye jembe unainyanyua trekta mbele. Weka uzito mbele, hasa kama mna vilima.

Siku ya kwanza shambani anza kwenye kona usiyoipenda. Mengi ya majembe haya ya zamani yana matundu ya kubadilisha mlalo wa diski, kitu ambacho mengi ya bei nafuu hayana kwa sababu mkono umechomelewa moja kwa moja. Kwenye ardhi ngumu isimamishe diski zaidi, itaingia vizuri. Kwenye udongo unaonata ilaze nyuma kidogo. Fupisha mkono wa juu kama diski ya mbele haizami, urefushe kama ya nyuma ndiyo inayoning'inia. Ukilima upana wa sentimita 80 kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa, hesabu ya karatasi ni karibu eka moja kwa saa. Toa kona, kupumzika na kuondoa visiki, panga robo tatu ya eka. Akikwambia dereva wako amelima eka kumi kwa saa nane na jembe hilo, nenda ukapime kina.

Baada ya saa tano za kwanza kaza bolti zote upya. Grisi kila asubuhi, mpaka ile ya zamani itoke pembeni ya sili. Na usilime kina kilekile kila mwaka. Diski nzito zinapopita mahali pamoja misimu mingi zinakandamiza tabaka gumu chini yake, mizizi ya alizeti inafika pale na kupinda. Kuna misimu utakayotakiwa kuliacha jembe ghalani na kukodi ripa, zana ya kupasua tabaka hilo gumu.

Bei, basi. Njia ninayoitumia ni hii. Ulizia bei ya jembe jipya zito la diski tatu, siyo jepesi. Toa gharama za kulifufua la kwako: diski tatu, beringi na sili za habu tatu na gurudumu, bolti, kazi ya fundi. Kinachobaki punguza tena robo, kwa ajili ya umri na kukosekana kwa dhamana. Hapo ndipo thamani ya jembe lako ilipo likiwa vilevile lilivyo, bila kuligusa. Likiwa limefeli uzi au lina ufa kwenye habu, usiseme ni zima. Liuze kwa vipande: mwenye jembe kama hilo atanunua mkono, habu au gurudumu kwa pesa nzuri kuliko bei ya kilo. Mashaka yakizidi, pale Arusha kuna CAMARTEC, taasisi ya serikali ya zana za kilimo ambayo kupima mitambo ni sehemu ya kazi zake. Wapigie picha za fremu uwapelekee kabla ya kubeba jembe zima.

Kosa ambalo nisingependa ulifanye ni kuuza kwa milioni mbili na nusu kisha ukachukua fedha hizo kununua jipya jepesi. Utakuwa umeuza kitu adimu ukanunua kitu kilichojaa madukani, na msimu ujao utamwita yule yule uliyemuuzia aje akulimie.

Jembe la kijivu sasa. Harry Ferguson, mvumbuzi mwenye jina hilo, ndiye aliyefanya jembe na trekta kuwa chombo kimoja, kwa ile mikono mitatu unayoiona leo nyuma ya karibu kila trekta. Trekta yake ndogo ya kijivu, TE20, ilitengenezwa Coventry kati ya 1946 na 1956, zaidi ya nusu milioni. Jembe lako la visu viwili ni la ukoo huo na ni la kundi la kwanza. Kwenye 165 litaonekana kama mzaha. Ulaya lina wapenzi wake, lakini nauli ya kusafirisha jembe moja itameza bei yake. Hapa nchini, mtu mwenye MF 135 na bustani ya umwagiliaji kwenye udongo laini usio na mawe atalifurahia, mradi visu vyake vipatikane. Kama ncha zimekwisha, mhunzi mzuri anaweza kuzitengeneza kutoka kwenye springi za gari. Hazitadumu kama zile za asili, ila zitalima. Tangaza kwa watu wa mabonde, siyo kwa watu wa Kiteto.

Na haro yenye upande mmoja? Haro bila safu moja haiwezi kwenda sawa, itavuta pembeni daima, na kutafuta safu inayolingana nayo ni kazi ya bahati. Ihesabu kama spea. Vua diski, kagua kama zinafanana kwa unene na matundu na mahitaji ya mtu yeyote hapo jirani, toa beringi zilizo hai, na shafti iweke, maana chuma cha namna ile fundi atakitumia siku ukivunja pini shambani. Fremu yake ikibaki tupu, hiyo ndiyo ya kumpa yule wa vyuma chakavu, na mizani iwe mbele ya macho yako.